Mwafrika Aliyebeba Jukwaa: Majibu kwa Watetezi wa Sanamu za Prague

Hoja za watetezi wa sanamu za Daraja la Charles mmezisikia. Zinafika Bujumbura kupitia kwa waliokwenda Ulaya masomoni, kwa video za waongoza watalii, na kwa mahubiri yanayotaka kutuonyesha imani ya mababu wa Ulaya ilivyokuwa. Zimerudiwa mara nyingi hadi zinapokewa bila kuulizwa. Mimi naziuliza hapa moja baada ya nyingine, nanyi wasomaji mkae kama mahakimu. Dai langu ni moja tu: sanamu zile ni ushahidi wa upande mmoja wa kesi, tena upande ulioshinda vita. Shahidi wa namna hiyo hafukuzwi mahakamani. Anahojiwa.

Tuanze na umri. Inasemwa kwamba Mfalme Charles IV alijenga daraja na kulipamba kwa watakatifu, hivyo daraja na sanamu ni tunda la imani moja na zama moja. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mafuriko ya 1342 yalibomoa daraja la zamani juu ya Mto Vltava, na 1357 Charles IV akaanza kujenga jingine: zaidi ya mita 500 za mawe, matao 16, kazi ambayo mhandisi yeyote angeivulia kofia. Lakini watakatifu hawakuwapo. Kilichosimama juu ya daraja kwa muda mrefu ni msalaba. Mtakatifu wa kwanza kati ya wale tunaowaona leo, Yohane wa Nepomuk, aliwekwa 1683, yaani miaka 326 baada ya ujenzi kuanza. Kundi kubwa likafuata kati ya 1706 na 1714. Hata jina la Charles lilianza kutumika rasmi karibu 1870. Kabla ya hapo wenyeji waliliita Daraja la Mawe. Mfalme wa karne ya 14 hawezi kuitwa kuwa shahidi wa sanamu za karne ya 18. Anayetaka kujua zilikuja kwa nini aulize nini kilitokea katikati, na hilo ndilo swali ambalo hoja ya kwanza inalifunika.

Hoja ya pili inatuuma zaidi sisi wa huku. Wazungu wanajua kutunza, tunaambiwa. Sanamu zao zimesimama kama zilivyoachwa, ilhali Bujumbura hatutunzi kitu. Kwamba sisi tunatunza vibaya, sibishi. Kwamba zile zimesimama kama zilivyoachwa, si kweli. Septemba 1890 mto ulifurika, magogo yakajikusanya kwenye nguzo, matao yakaporomoka na sanamu mbili za Wajesuiti, Inyasi wa Loyola na Fransisko Xaveri, zikaanguka majini. Xaveri anayepigwa picha leo ni nakala iliyochongwa na Čeněk Vosmík na kuwekwa 1913. Inyasi hakurudi kabisa. Mahali pake wamesimama Sirili na Metodi, kazi ya Karel Dvořák ya 1938. Sanamu kadhaa nyingine zinazoitwa za kibaroko ni za miaka ya 1850, za ndugu wawili, Josef na Emanuel Max, wakati sanaa ya kibaroko ilikuwa imekwisha zamani. Tena jiwe la mchanga linaliwa na mvua na moshi, kwa hiyo sanamu nyingi za asili zimehamishiwa ndani, kwenye Lapidarium ya Makumbusho ya Taifa na kwenye mahandaki ya Vyšehrad, na nakala zikachukua zamu ya kunyeshewa.

Simwonei mtu kwa kusema hivyo. Kutengeneza nakala ni utunzaji, na ni utunzaji wa gharama kubwa. Ila zingatieni jambo moja ambalo litatusaidia mbele: baada ya mafuriko, watu wa Prague walikaa wakachagua. Xaveri wakamrudisha alivyokuwa, pamoja na wote waliombeba. Inyasi wakamwacha. Basi yule anayesema kwamba daraja lile ni urithi usioguswa, na kwamba kuliongezea hata sentensi moja ya maelezo ni kulinajisi, hajasoma historia ya daraja analolitetea.

Sasa tufike kwenye hoja ambayo nyingine zote zinaiegemea: kwamba sanamu hizi ni ibada tupu na siasa haimo. Nakubali kwamba watu walisali mbele yake kwa moyo safi, na wapo wanaosali mpaka leo. Lakini swali ni nani aliziweka, na kwa nini wakati ule. Mwanzoni mwa karne ya 17 Wabohemia wengi hawakuwa Wakatoliki. Tarehe 8 Novemba 1620 majeshi ya Kaisari yaliwashinda kwenye Vita vya Mlima Mweupe, nje kidogo ya Prague. Tarehe 21 Juni 1621 viongozi 27 wa uasi waliuawa hadharani kwenye uwanja wa Mji Mkongwe, na vichwa vya 12 kati yao vikatundikwa kwenye mnara wa daraja. Daraja ni hili hili. Vichwa vilikaa juu pale miaka kumi, kila mwenye kuvuka akiviona. Mwaka 1627 sheria mpya ikauruhusu Ukatoliki peke yake. Mabwana waliokataa wakafungasha wakahama. Chuo kikuu kikatiwa mikononi mwa Wajesuiti, na jengo lao, Klementinum, liko hatua chache tu kutoka mdomo wa daraja. Baada ya hayo yote ndipo zikaja sanamu. Mtu anaweza kusema kwamba ni ibada. Hawezi kusema kwamba siasa haimo.

Yohane wa Nepomuk mwenyewe anaithibitisha hoja yangu. Tunafundishwa kwamba aliuawa kwa kukataa kumwambia mfalme alichoungama malkia. Ni kisa kizuri, na padri yeyote anayelinda siri ya kitubio anastahili heshima. Lakini kumbukumbu za wakati wake zinasema jambo jingine. Alikuwa makamu wa askofu mkuu wa Prague. Alimthibitisha abate wa Kladruby kinyume cha matakwa ya Mfalme Wenceslas IV, na Machi 1393 akateswa, kisha mwili wake ukatupwa mtoni kutoka darajani. Kisa cha malkia kinaonekana katika maandishi miongo kadhaa baadaye. Sanamu yake iliwekwa 1683, akatangazwa mwenye heri 1721 na mtakatifu 1729. Kwa maneno mengine, daraja lilimpa utakatifu miaka 46 kabla ya Roma. Haraka ya nini? Wanahistoria wengi wanajibu kwamba nchi iliyokuwa ikimkumbuka Jan Hus, aliyechomwa moto 1415, ilihitaji kupewa Jan mwingine wa kumkumbuka. Kufa kwa kugombana na mfalme juu ya haki za Kanisa ni kifo cha kishujaa vilevile. Sioni kwa nini ukweli ulihitaji kubadilishiwa nguo.

Na yuko shahidi mwingine pale pale, msalaba wenye maandishi ya Kiebrania yaliyopakwa dhahabu: “Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, Bwana wa majeshi”, kutoka Isaya 6. Mpita njia anadhani ni heshima kwa lugha ya Agano la Kale. Maandishi yale ni adhabu. Mwaka 1696 kiongozi mmoja wa Wayahudi wa Prague, Elias Backoffen, alishtakiwa kwa kukufuru msalaba, na hukumu ikawa alipie herufi hizo, yaani maneno ambayo Myahudi huyatamka katika sala zake kwa Mungu yazungushwe kwenye sanamu ya Kristo, kila Myahudi anayevuka ayaone. Mwaka 2000 liliwekwa bamba linaloeleza kisa hicho kwa Kicheki, Kiingereza na Kiebrania. Msalaba haukuvunjwa, wala herufi hazikufutwa. Limeongezwa bamba, na anayesali bado anasali. Likumbukeni bamba hilo.

Nimefika kwa Xaveri, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Huku kwetu si jina la mbali. Vijana Wakatoliki wa Burundi, Rwanda na Kongo wamelelewa katika chama cha Xaveri, kilichoanzishwa Bukavu 1952 na Padri Georges Defour. Bujumbura hukosi mtaa wenye Xavier au Xavérie. Basi tazameni anavyosimama darajani. Mchongaji ni Ferdinand Brokoff, kijana wa miaka 23, mwaka ni 1711, na walioagiza ni watu wa chuo kikuu cha Wajesuiti. Juu kabisa yuko Xaveri na msalaba. Mbele yake mwana wa mfalme wa kipagani amepiga magoti kubatizwa. Chini yao kuna jukwaa, na jukwaa hilo halikai juu ya jiwe tupu. Limebebwa mabegani na wanadamu: watu wa Asia, na Mwafrika pamoja nao, miili imejipinda, misuli imevimba kwa uzito.

Watetezi wanasema hiyo ni heshima. Niieleze hoja yao kwa ukamilifu wake, maana inastahili: kila taifa limepewa nafasi katika kazi ya wokovu; anayebeba ni mshiriki; na hata katika Injili aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba ni Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika. Hoja ya Simoni ina uzito, na nimesikia watu wenye elimu wakinyamaza mbele yake. Lakini isomeni tena Injili. Simoni alibeba msalaba. Hakumbeba mtu. Mwafrika wa Brokoff hajapewa msalaba. Msalaba ameushika Xaveri. Yeye amepewa Mzungu wa kumbeba, jukwaa, mbatizwa na vyote. Kama kubeba ndiko kushiriki, Wazungu washiriki wako wapi chini ya jukwaa? Hayumo hata mmoja. Heshima ambayo mtoaji wake haitaki kwa nafsi yake si ngumu kuipima.

Hapo wanarudi nyuma hatua moja: wachongaji wa zama zile hawakujua njia nyingine ya kumchonga Mwafrika, tusiwahukumu kwa macho ya leo. Haya, tuwahukumu kwa macho ya wakati wao. Mto Vltava unaingia Elbe, na Elbe inapita Magdeburg, ambako kanisa kuu lina sanamu ya Mtakatifu Morisi iliyochongwa karne ya 13: Mwafrika mweusi, uso wa mtu anayejulikana, amevaa deraya ya askari, amesimama wima. Kule Roma, katika basilika ya Santa Maria Maggiore, kuna sanamu ya kichwa na kifua ya Antonio Manuel ne Vunda, balozi wa mfalme wa Kongo, aliyefariki mjini humo Januari 1608. Imechongwa kwa jiwe jeusi, na haibebi chochote. Njia nyingine ilijulikana kwa miaka zaidi ya 400. Brokoff mwenyewe alichagua njia yake mara mbili, kwa sababu 1714 alichonga Waafrika wengine wawili wakibeba roshani ya jumba la Morzin, upande wa pili wa mto, eti kwa kuwa jina la familia hiyo lilikaribiana na jina walilotuita. Xaveri na roshani, kwa mchongaji huyu, vilibebwa na mtu yule yule.

Wala haiwezi kusemwa kwamba 1711 Wajesuiti walimjua Mwafrika kama mpagani anayesubiri. Mfalme wa Kongo alibatizwa 1491. Henrique, mwana wa Mfalme Afonso I wa Kongo, aliteuliwa kuwa askofu 1518, miaka minne kabla Inyasi wa Loyola hajaanza hata kuandika mazoezi yake ya kiroho. Wajesuiti wenyewe walifika Kongo 1548. Ethiopia walikaa miongo kadhaa wakibishana na kanisa lililokuwa la kale kuliko ubatizo wa Bohemia, hadi wakafukuzwa. Watu walioagiza sanamu ile walikuwa na barua na taarifa za wenzao kutoka pande hizo. Walijua. Walichagua kutochonga walichokijua.

Lakini shahidi mzito kuliko wote ni Xaveri mwenyewe, na hapa ndipo watetezi wanaposhindwa kabisa. Mtu huyu alifika kwetu. Alitoka Lisbon Aprili 1541, akakaa Msumbiji miezi kadhaa akingoja pepo, na mwanzoni mwa 1542 meli ikatia nanga Malindi. Aliyoyaona aliyaandika katika barua kutoka Goa mwaka huo huo. Alimzika baharia mmoja aliyefia melini, na anasema Waislamu wa mji walivutiwa na namna Wakristo wanavyozika. Kisha mkubwa mmoja wa Malindi akamwuliza kama makanisa ya kwao yanajaa watu, kwa sababu katika mji wake ibada ilikuwa imepoa: misikiti ilikuwa 17, na iliyokuwa ikiendewa ni mitatu tu. Jibu la Xaveri lilikuwa kali. Alisema Mungu hazipokei sala za wasioamini, na mwenzake hakukubali. Wakaachana kila mmoja na lake. Barua haitaji hata mtu mmoja wa Malindi aliyebatizwa.

Pimeni mambo hayo mawili. Katika barua, Mswahili wa pwani amesimama uso kwa uso na mgeni wake, katika mji wake mwenyewe, anauliza swali zito kuhusu kupoa kwa imani, anasikiliza jibu na kulikataa. Hili limeandikwa na Xaveri kwa mkono wake, naye hakuwa na sababu ya kumpamba mtu huyo. Darajani, miaka 169 baadaye, Mwafrika hana swali wala mdomo, ana bega. Nimwamini nani juu ya safari ya Xaveri: Xaveri, au kijana wa Prague ambaye hakuwahi kuiona bahari yetu? Anayeitetea sanamu kwa jina la mtakatifu ana kazi ya kueleza kwa nini mtakatifu na sanamu yake hawakubaliani.

Iko na sanamu ya Mturuki kwenye daraja hilo hilo, nayo nitaisemea kwa kifupi. Sanamu ya 1714, ya Brokoff huyo huyo, inawaonyesha Yohane wa Matha na Feliksi wa Valois, waanzilishi wa shirika lililokomboa mateka, na chini yao Mturuki mwenye kilemba na mbwa wake wanalinda pango la Wakristo waliofungwa minyororo. Huku kwetu inatumika kuthibitisha kwamba utumwa ulikuwa wa Waislamu na ukombozi wa Wakristo. Mateka wale walikuwapo, na kuwakomboa lilikuwa tendo la huruma. Wala hakuna haja ya kuficha kwamba Rumaliza alivamia mwambao wa ziwa letu kutafuta watumwa, hadi Mfalme Mwezi Gisabo akamzuia. Lakini mwaka mmoja kabla ya sanamu hiyo, 1713, Hispania ya Kikatoliki iliipa Uingereza mkataba wa kupeleka watumwa 4,800 wa Kiafrika kila mwaka katika makoloni yake, kwa miaka 30. Na Livorno, nchini Italia, tangu miaka ya 1620 kuna mnara wenye Waislamu wanne wa shaba waliofungwa minyororo miguuni mwa mtawala Mkristo. Minyororo ilikuwa pande zote mbili. Prague ilichonga upande mmoja, na mtoto wa Buyenzi asiambiwe kwamba ndiyo hesabu yote.

Wapo na wanaonijia kutoka upande wa pili: kwa kuwa zina ubaya huu, zing'olewe, tena ni sanamu za kuchongwa, na Kutoka 20 imezikataza. Hawa nao nawakatalia. Hoja ya Kutoka haichagui; inamwondoa Xaveri pamoja na Ne Vunda na Morisi, ushahidi unaotutetea pamoja na unaotudhalilisha. Na anayeng'oa sanamu ya Mwafrika aliyebebeshwa jukwaa anamfanyia mwagizaji wake hisani kubwa, kwa sababu anaondoa alama ya alichofanya. Kwa miaka 23, kati ya mafuriko ya 1890 na nakala ya 1913, Xaveri hakuwapo darajani. Hakuna aliyejifunza chochote kuhusu Mwafrika kwa kutomwona.

Bamba la 2000 limeonyesha njia, na yeyote anayesema haiwezekani kwa Xaveri aeleze kwa nini iliwezekana kwa msalaba ulio kwenye daraja hilo hilo. Nasi Bujumbura tuna zamu yetu. Kusini mwa mji, Mugere, kuna jiwe kubwa lililochorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25-XI-1871. Wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo walipokutana, ilhali walikutana Ujiji siku kadhaa kabla. Mugere walifika pamoja kwa mtumbwi, wakitafuta kujua kama Rusizi unaingia ziwani au unatoka; walilala siku mbili, na mtawala aliyewapokea aliitwa Mukamba. Stanley alimtaja katika kitabu chake. Jiwe halimtaji. Liwekwe bamba Mugere lenye jina la Mukamba na sababu ya safari ile, na liwekwe bamba chini ya Xaveri lenye maneno yake mwenyewe kuhusu mtu wa Malindi.